Sumaku Kwenye Tumbo la Tangi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa fundi huyu ni ndevu, na hazikuwa kidevuni. Kidevu chake kilikuwa kimenyolewa kikang'aa kama sahani. Ndevu zilikuwa kifuani, zikining'inia kwenye kamba: kipande cheusi cha sumaku, ukubwa wa ndimu iliyokatwa nusu, ambacho kwa kushinda karakanani kutwa kilikuwa kimekusanya vumbi la chuma mpaka kikaota manyoya pande zote. Alipoinama kunisalimia, ndevu zile ziliinama naye. Aliponipa mkono, zilinyanyuka zikaelekea kwenye mkanda wangu wa suruali. Nikarudi nyuma.

"Usiogope," akaniambia. "Inakagua tu."

Nilikuwa nimekuja kupanga chumba nyuma ya karakana yake, na kabla hajanionyesha chumba chenyewe alinionyesha mlango wa karakana. Juu yake palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: KIKINATA, KIACHE. Hayo ndiyo mafundisho yake, na kwa ajili yake mtaa mzima unamwita Sumaku. Wazazi wake walimpa jina jingine, lakini hilo hulitumia mkewe peke yake, na ni akiwa amekasirika.

Kazi yake ni kuchomelea stenlesi, yaani kile chuma kisichoshika kutu ambacho vitabu vya shule hukiita chuma cha pua. Hutengeneza masinki, matangi ya maji, na makofia ya kuvutia moshi juu ya majiko ya mikahawa. Zamani, alinieleza, walipita wachuuzi wakiuza mabati ya kawaida yaliyopakwa mng'aro, wakiapa kuwa ni stenlesi. Watu walinunua, na baada ya muda mfupi sinki likaota vidonda vya kahawia. Hapo Sumaku alivunja spika za redio mbovu, akatoa sumaku zilizomo ndani, akazipasua vipande na kumgawia kila mteja kipande chake bure. Chuma cha kweli, aliwaambia, hakishiki sumaku. Kikinata, kiache.

Mtaa ulimwamini kupita alivyotarajia. Kina mama walianza kwenda dukani na sumaku mfukoni, wakipima sufuria, vijiko na vitasa. Kinyozi alipima mkasi wake, akaununia wiki nzima. Jirani mmoja alikwenda na sumaku kwa daktari wa meno, na inasemekana daktari alimwomba atafute daktari mwingine. Wote hao walipokutana na Sumaku barabarani walimwonyesha kipande chao, naye alikipokea, akakipuliza, akamrudishia mwenyewe kwa heshima.

Mwanafunzi wake mwaminifu kuliko wote, na hapa ndipo matatizo yalipotokea, ni mama mkwe wake.

Bi Sabuni, ndivyo anavyojulikana, anaendesha chumba cha kufulia mtaa wa pili. Anafua shuka za nyumba za wageni na makoti ya zahanati. Ni mwembamba, ana mikono iliyoiva kwa maji ya moto, na hasemi maneno mengi, kwa sababu yale machache anayoyasema hutosha. Sumaku alipokwenda kuposa, alimchukulia kipande cha sumaku kizuri kuliko vyote, kilichokatwa mviringo. Mama akakifunga pamoja na funguo zake na kinakaa hapo mpaka leo. Baadaye kidogo Sumaku akamtengenezea tangi la kuchemshia maji. Bi Sabuni alilipima mbele za watu. Sumaku ikateleza ikaanguka chini. Bi Sabuni akatabasamu, na Sumaku anasema hajaliona tabasamu lile tena.

Hata hivyo, hajawahi kumwita fundi. Mbele za watu humwita "baba wa wajukuu wangu", kana kwamba hiyo ndiyo kazi pekee aliyoimaliza vizuri.

Tangi lilifanya kazi, kisha likaanza kuvuja. Halikuwa na kutu, liling'aa vilevile. Lakini juu kidogo ya usawa wa maji, pale matone yanaporukia na kukauka, zilitokea nyufa nyembamba kama unywele. Sumaku alizichomelea. Nyufa nyingine zikatokea pembeni ya alipochomelea. Akazichomelea nazo. Mwishowe tangi lilikuwa na makovu mengi kuliko mpiganaji wa ndondi, na ukiliziba huku, linachuruzika kule. Shuka zilichelewa. Nyumba za wageni zikaanza kutuma watu kuuliza.

"Mkwe wangu," Bi Sabuni alimwambia, "hili tangi lako linataka nepi."

Sumaku akaenda kwa muuza chuma, mtu mnene, mpole, anayefanya biashara akiwa amekaa juu ya bidhaa yake. Akamweleza habari za nyufa. Muuza chuma akamuuliza kama maji ya kisima cha mama yana chumvi. Yana chumvi. Kama yanachemka kutwa. Yanachemka kutwa. Muuza chuma akateremka taratibu kutoka juu ya rundo moja, akapanda juu ya rundo jingine na kulipigapiga kofi kama mtu anayemsifia ng'ombe wake.

"Hiki hapa," akasema. "Kile ulichotumia kina nikeli. Ni kizuri, kinakunjika, kinavutika. Lakini chumvi, joto, na bamba lililokazwa kwa kukunjwa vikikutana, kinapasuka nyufa kama zako. Hiki hakina nikeli. Kina kromi ya kuzuia kutu, na kina titani kidogo ya kulinda mahali pa kuchomelea. Hakivimbi sana kikipata moto, na moto unapita ndani yake upesi, kwa hiyo mama atachoma gesi kidogo."

Sumaku akavua kamba shingoni. Kabla hajaifikisha kwenye bamba, sumaku iliruka yenyewe ikanata kwa kishindo, na ikambidi aweke mguu ukutani ili aing'oe.

"Kaka," akasema polepole, "unataka kuniuzia debe."

"Si debe. Nikeli ndiyo iliyokuwa inaizuia sumaku isishike. Hapa haipo, kwa hiyo inashika. Kutu ni habari ya kromi, na kromi ipo."

"Mimi nimewafundisha watu miaka yote hiyo—"

"Uliwafundisha kukamata debe. Hukuwafundisha kutambua stenlesi. Kaa nikueleze hiyo titani." Sumaku akakaa. "Ndani ya chuma chochote mna kaboni kidogo. Mchukulie kuwa ni mgeni mlafi. Ukichomelea, joto linamwamsha, anainuka anakwenda kumng'ang'ania kromi, na pale kromi aliposhikwa, ulinzi hamna, kutu inaingia. Sasa titani ni shemeji mwenye maneno mengi. Anampokea kaboni mlangoni, anamkalisha, anaanza kumpigia soga. Kaboni hamfikii kromi tena. Kromi anabaki na kazi yake."

Sumaku, ambaye yeye mwenyewe ni shemeji mwenye maneno mengi, alianza kuipenda titani tangu hapo. Lakini hakuamini mpaka muuza chuma alipomwambia kwamba mabomba ya moshi ya magari, yale yanayotoka nayo kiwandani, mengi ni ya chuma cha aina hii hii, na mapipa ya ndani ya mashine nyingi za kufulia pia. Siku mbili tatu zilizofuata mtaa ulizoea kuona miguu ya Sumaku ikitokeza chini ya magari yasiyo yake.

"Nani huyo?" aliuliza mganga wa zahanati, akiwa na ufunguo mkononi.

"Ni mimi, Daktari. Nakagua."

"Unakagua nini?"

"Linanata," ilijibu sauti kutoka chini, yenye huzuni. "Na halina kutu."

Akanunua mabamba.

Taabu ya pili ikaja wakati wa kuchomelea. Sumaku huchomelea huku akizungumza. Chini ya barakoa yake husimulia habari za mtaa, hubishana na redio, huwajibu watu wapitao nje. Akifika kwenye utamu wa hadithi, mkono husimama, moto ukabaki pale pale mpaka hadithi iishe. Kwa kile chuma cha zamani haikudhuru sana. Kwa hiki ilikuwa balaa. Kipande cha kwanza alichokiunga, mkewe alikiweka juu ya fuawe akakigonga nyundo. Kikavunjika kwenye kiungo kama biskuti.

Mkewe ndiye anayekata na kukunja mabamba yote ya karakana, mwanamke mwenye mabega mapana na subira ndefu. Aliokota vipande akavitazama ndani.

"Chembe zake ni kubwa kama za sukari," akasema. "Ulikuwa unasimulia nini?"

"Habari za kinyozi."

Muuza chuma alipopelekewa vipande alisema jambo moja tu: chuma hiki hakitaki kukaliwa na moto. Ukikaa, chembe zake zinanenepa na kiungo kinakuwa dhaifu. Pita upesi, kwa moto mdogo, kama mtu anayevuka mchanga wa mchana bila viatu.

Sumaku alijaribu kunyamaza. Alijaribu kwa nia safi, nilimwona. Lakini alivunja kipande cha pili kwa habari za kaka wa kinyozi, na cha tatu kwa kumweleza mkewe jinsi alivyokuwa amenyamaza vizuri. Mkewe hakugomba. Alichota maji kwa kikombe, akamwambia ayajaze mdomoni na asiyameze mpaka atakapofika mwisho wa kiungo. Kisha akamshushia barakoa.

Hivyo ndivyo tangi jipya la Bi Sabuni lilivyotengenezwa: kimya kimya, mashavu yakiwa yamevimba, kiungo baada ya kiungo, na kila mwisho wa kiungo fundi akitema maji uani na kusema kwa mfululizo yote yaliyomkusanyikia. Viungo vilitoka vyembamba, vilivyonyooka, na rangi hafifu ya majani makavu pembeni. Mkewe aligonga vipande vya majaribio mpaka mkono ukamchoka. Havikuvunjika.

Bi Sabuni aliitwa uani kuliona. Alilizunguka tangi. Akapitisha kidole kwenye viungo. Nilidhani ameridhika. Kisha akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa funguo zake, akafungua kile kipande cha mviringo alichopewa siku ya posa, akakisogeza. Kikanata.

Akauondoa mkono. Kipande kikabaki kwenye tumbo la tangi kama kitufe.

"Mkwe wangu," akasema, "yale maneno juu ya mlango wako aliandika nani?"

"Niliandika mimi, Mama."

"Hebu yasome."

"Mama, hayo nilikuwa sijayaandika yote."

"Soma yaliyopo."

Sumaku akainua macho juu ya mlango. "Kikinata, kiache," akasoma.

"Basi nakiacha."

"Mama, hata pipa la mashine yako ya kufulia linanata. Nenda kapime, na halijashika kutu hata siku moja."

"Kumbe ndiyo maana linapiga kelele," alisema Bi Sabuni, akaondoka. Ile sumaku aliiacha pale pale tumboni mwa tangi, na hakuna mtu aliyethubutu kuibandua.

Siku iliyofuata Sumaku alipanda ngazi akaongeza maneno mawili kwenye kibao, kwa rangi iliyobaki ya bluu: ULIZA KWANZA. Wapita njia walisimama kusoma. Wengine walibisha hodi wakauliza, waulize nini. Na habari mbaya zaidi ikaletwa na mkewe kutoka kwa mama yake: fundi wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye meza ya kioo, ameshaitwa kupima mahali pa tangi. Anatumia kile chuma cha zamani, ambacho hakinati.

"Litapasuka," Sumaku alisema. "Mke wangu, lile la kwake litapasuka kama langu, na mama yako ataogea maji ya moto amevaa nguo."

Ninaamini ni kweli hilo ndilo lililomsumbua. Alikuwa anataka kuitwa fundi, nalo halikuwa siri. Lakini nilimwona akipita kwenye chumba cha kufulia na kuinua shingo kutazama lile tangi la zamani lenye makovu, na uso wake haukuwa wa mtu anayewaza jina.

Mkewe alikwenda kwa mama yake akarudi na mapatano. Vipande viwili vitaandaliwa: kimoja kutoka tangi la zamani, kisichonata, kingine cha chuma kipya, kinachonata. Vyote vitachomelewa katikati, vikunjwe kama kiatu cha farasi, vifungwe kwa waya vibaki vimekazwa, kisha vining'inizwe ndani ya tangi la zamani, pale juu ya maji ambapo nyufa hupenda kuanzia. Bi Sabuni atafunga mfuniko kwa kufuli, achemshe kama kawaida kila siku, mpaka Jumamosi atakayoitaja mwenyewe. Kipya kikitoka kizima na cha zamani kikatoka na nyufa, atachukua tangi na atamwita Sumaku fundi mbele za watu. Kipya kikitoka na kutu au ufa, fundi wa ng'ambo aanze kazi, na lile tangi Sumaku afugie bata.

"Na vipande vyote achomelee mbele yangu," Bi Sabuni aliongeza. "Nisije nikaletewa vya dukani."

Siku ya kuchomelea nilitoa viti uani. Bi Sabuni alikaa kwenye kile kilicho karibu na moto, akiwa amejifunika macho kwa kioo cheusi alichopewa na binti yake. Kipande cha zamani kilikwisha bila tatizo. Kwa kipande kipya mkewe alileta kikombe. Bi Sabuni akamtazama mkwe wake akijaza maji mdomoni.

"Anasali?" akamuuliza binti yake.

"Anafanya kazi, Mama. Tafadhali usimsemeshe."

Moto ukawaka. Mkono wa Sumaku ukaanza kupita, mwepesi, bila kusita. Robo ya kiungo. Nusu. Nilianza kupumua. Ndipo Bi Sabuni, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, akasema:

"Yule wa ng'ambo anachomelea upesi kuliko hivi."

Nilisikia mmezo. Hata kwa kelele za mashine, nilisikia koo likimeza maji yote kwa mkupuo.

"Yule?" alisema Sumaku chini ya barakoa. "Yule aliyechomelea geti la kinyozi akalichomelea na nguzo yake, mwenye nyumba akatokea dirishani? Huyo ndiye—"

"Mume wangu," alisema mkewe.

Mkono ulikuwa umesimama. Ukaanza tena, ukapita mpaka mwisho, lakini kipande kilipopoa sote tulikiona: kiungo chembamba, kizuri, chenye doa moja la bluu iliyoiva pale moto uliposimama, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Bi Sabuni aliomba aone. Akalitazama doa kwa muda mrefu, akamtazama na mkwe wake, na mdomo wake ukafanya kitu ambacho sikuweza kujua kama ni tabasamu.

"Tunaweza kurudia kingine, Mama?" binti yake aliuliza.

"Tulisema mbele yangu. Hiki kimechomelewa mbele yangu."

Mkewe alikikunja kile kipande taratibu kuliko vyote alivyowahi kukunja. Hakikuvunjika. Vikaingia tangini vyote viwili, kufuli likafungwa, na ufunguo ukapanda kwenye shingo ya Bi Sabuni.

Sumaku alirudi kwa muuza chuma akitafuta faraja. Muuza chuma hakumdanganya. Titani, alisema, inaizuia kaboni, na nyufa za chumvi hatarajii kuziona. Lakini haiwezi kuzizuia chembe zisinenepe moto ukikaa mahali pamoja. Na hakuna chuma duniani kisichoshika kutu kabisa. Chumvi ikizidi, hata hiki kinaweza kuota madoa. "Hapo uliposimama," akauliza, "ulisema maneno mangapi?"

"Machache."

"Machache kwako?"

Sumaku akaaga.

Tangu wakati huo mtaa umepata utulivu usio wa kawaida. Sumaku anachomelea masinki kimya hata kwa chuma kile kisichohitaji kimya. Kinyozi anakuja karakanani kuuliza kama anaumwa. Kila jioni Bi Sabuni anapita na kapu lake, watu wanamuuliza habari za tangi, naye anajibu kwamba tangi linachemka. Wateja wamegawanyika: upande mmoja wanashika sumaku zao kama ushahidi, upande mwingine wameanza kuzisogeza kwenye mabomba ya moshi ya magari na kunong'ona. Mganga wa zahanati ametangaza kwamba hana upande, lakini ameomba aarifiwe mapema.

Jumamosi iliyotajwa ni kesho. Bi Sabuni atazima moto baada ya shuka za asubuhi, asubiri tangi lipoe, kisha afungue.

Leo mchana mkewe alirudi kutoka kwa mama yake akiwa na utepe wa kupimia mkononi. Mama, alisema, alikuwa amemwomba ampimie upana wa mlango wa chumba cha kufulia, na urefu kutoka sakafuni hadi kwenye bomba. Hakusema kwa ajili ya tangi la nani. La ng'ambo nalo lingepita mlango huo huo.

Sumaku aliweka grinda chini. Alimtazama mkewe, akalitazama tangi jipya pale uani, na ile sumaku ya mviringo ikiwa bado imenata tumboni mwake, imeshaanza kuota ndevu za vumbi. Niliona maneno yakimjia. Yalimjia mengi, yakajaa shingoni. Alikwenda kwenye ndoo, akachota kikombe, akajaza maji mdomoni, akavuta kiti na kukaa akiwa ameuelekea mtaa wa pili.